Sonic 2 tena: kaseti ya zamani, Mega Drive Mini, simu au Sonic Origins?

Kwa waliokulia Majengo na Pasua hapa Moshi, au Ngarenaro na Kaloleni kule Arusha, gemu za kaseti miaka ya tisini zilikuwa zaidi ni zile za mashine za bei nafuu za 8-biti: kaseti ya njano, juu imeandikwa gemu maelfu, ndani kuna kumi zinazojirudia. Mega Drive, mashine ya gemu ya kampuni ya Sega, ilikuwa ya nyumba chache, mara nyingi nyumba yenye shangazi au mjomba ughaibuni. Kwa hiyo Sonic the Hedgehog 2 wengi tuliicheza kwa zamu, ukifa unampisha mwenzako, na walioimaliza walikuwa wa kuhesabu.

Leo mtu ana kazi yake, ana likizo ya Desemba, na anataka kuirudia. Akianza kutafuta anakuta gemu hiyohiyo inapatikana kwa njia nne, na kila mwenye yake anasifia yake. Ulinganisho huu ni kwa aliyekwama hapo.

Kwanza tukumbushane ni gemu ipi: ile ya Sonic, nungunungu mwenye mbio. Sonic 2 ilitoka Marekani na Ulaya tarehe 24 Novemba 1992, siku tatu baada ya Japani. Ilitengenezwa California, katika studio ya Sega Technical Institute, Yuji Naka na Hirokazu Yasuhara wakiwamo, na muziki ni wa Masato Nakamura wa bendi ya Dreams Come True. Ndiyo iliyomleta Tails, mbweha wa mikia miwili, na ndiyo iliyoleta Spin Dash: unashikilia chini, unagonga kitufe cha kuruka mara kadhaa, unaachia, Sonic anafyatuka. Ina zoni 11 zenye jumla ya steji 20.

Njia zenyewe ni hizi. Ya kwanza ni Mega Drive ya zamani na kaseti yake halisi. Ya pili ni Mega Drive Mini, kimashine kidogo cha Sega cha mwaka 2019 chenye gemu 42 ndani, Sonic 2 ikiwamo. Ya tatu ni toleo la simu, lililotengenezwa upya mwaka 2013 na Christian Whitehead na Simon Thomley. Ya nne ni Sonic Origins ya mwaka 2022, mkusanyiko wa Sonic za mwanzo kwa kompyuta, PlayStation, Xbox na Nintendo Switch. Kuna na emuleta, yaani programu ya kuiga mashine ya zamani, najua. Naiacha pembeni kwa sababu mafaili mengi yanayozunguka mtaani hayana ruhusa ya mwenye mali.

Onyo moja kabla hatujaendelea. Ukiona kaseti ya mashine za 8-biti za aina ya Nintendo ina picha ya Sonic, hiyo si kazi ya Sega. Hawakuwahi kutoa Sonic kwa mashine ile. Inayojulikana zaidi katika ukoo huo ni Somari, ambamo Mario ndiye anayekimbia kwenye steji za Sonic ya kwanza. Halafu ipo Sonic 2 ya Master System, hiyo ni ya Sega kweli, lakini ni gemu nyingine kabisa: Tails ametekwa, Spin Dash hakuna. Muulize muuzaji mashine gani kabla hujatoa hela.

Vya kupimia

Nimepima mambo matano: mwendo na picha, vidole, kuhifadhi, mtu wa pili, na usumbufu wa pesa na umeme. Mpangilio huo si wa umuhimu. Kwa mwenye watoto nyumbani, jambo la nne litafunika mengine yote. Kwa anayecheza peke yake usiku baada ya kazi, la tatu ndilo litakaloamua.

Mwendo na picha

Hapa ndipo matoleo haya yanapotofautiana kuliko watu wanavyodhani. Mega Drive ya PAL, yaani ya soko la Ulaya, inachora picha 50 kwa sekunde. Ya Marekani na Japani inachora 60. Gemu hii iliandikwa kwa 60, kwa hiyo kwenye PAL Sonic anakimbia pungufu kwa karibu asilimia 17, na juu na chini ya kioo kuna mikanda myeusi. Watengenezaji walirekebisha kasi ya muziki kwa mashine za PAL, lakini si mwendo wa gemu. Matokeo yake wimbo unakwenda sawasawa huku nungunungu mwenyewe akiwa mzito kidogo.

Kama mashine ya jirani yenu ilitoka Uingereza au Ujerumani, basi Sonic unayemkumbuka ni huyo wa 50. Mini, simu na Origins zote zitakupa wa 60. Watu wengi wanaoirudia wanasema gemu imekuwa ngumu au wao wamezeeka. Si lazima iwe uzee. Kwenye Chemical Plant, zoni ya pili, pale ambapo barabara inashuka kama mtelemko wa Kitonga na huwezi kusimama, tofauti ya picha kumi kwa sekunde unaisikia kwenye kidole.

Jambo la pili ni upana. Picha ya asili ni nukta 320 kwa 224, umbo la TV chogo. Toleo la simu limepanuliwa lijaze kioo kirefu, na Origins ina hali mbili: Anniversary, iliyopanuliwa, na Classic, yenye umbo la zamani. Upana si urembo tu. Ukikimbia kwa kasi kuelekea kulia unaona miiba na maadui mapema zaidi, na mitego kadhaa iliyowekwa kukushtua inapoteza makali. Wapo wanaosema huo ni udanganyifu. Mimi naona ni nafuu inayostahili kwa anayecheza mara ya kwanza, na hasara kidogo kwa anayetafuta hofu ya utotoni. Mini inabaki na umbo la asili, lakini inatoka kwa waya wa HDMI, safi, bila chenga.

Kaseti kwenye chogo bado ina utamu wake: rangi zinachanganyika, hakuna ucheleweshaji kati ya kidole na kioo. Kaseti hiyohiyo kwenye flati ni jambo jingine. Flati nyingi huchukua muda kuitafsiri picha ya zamani, na muda huo mdogo unatosha kukufanya uruke umeshachelewa. Tafuta kwenye menyu ya TV hali ya gemu uiwashe, na uhakikishe kwanza TV ina tundu la AV, maana nyingine mpya hazina.

Vidole

Pedi ya Mega Drive ina vitufe vitatu, na vyote vitatu ni vya kuruka. Gemu haihitaji zaidi ya hapo. Ndiyo maana mtoto asiyejua kusoma anaanza kucheza papo hapo, na ndiyo maana toleo la simu liliwezekana kabisa.

Lakini kuwezekana si kustarehe. Kwenye simu, dole gumba la kushoto linashikilia mshale uliochorwa kwenye kioo, na kioo hakina kingo. Chukua steji ya pili ya Chemical Plant, ile ya maji ya zambarau. Unapanda kwa kuruka juu ya vipande vinavyojizungusha, maji yanapanda nyuma yako, na yakikufunika Sonic hawezi kuogelea. Anahesabu kuanzia tano kushuka sifuri huku muziki ukiharakisha. Katika presha hiyo dole linateleza bila wewe kujua, unadhani umebonyeza kushoto kumbe umegusa hewa. Spin Dash nayo inadai ushikilie chini kwa kidole kimoja na kugonga kwa kingine, na nusu ya mara Sonic anajikunja badala ya kuchaji, au anatembea tu. Toleo la simu linakubali pedi ya Bluetooth, na ukiwa nayo malalamiko haya yote yanakwisha. Bila pedi, jiandae kufa vifo visivyo vya haki.

Origins inategemea pedi ya mashine yako. Pedi za kisasa ni nzuri, na hapo sina la kuongeza. Mini inakuja na pedi zake zenye waya wa USB, umbo lilelile la zamani. Waya si mrefu, kwa hiyo sebule kubwa itawasogeza karibu na TV, mkaribie kama tulivyokaribia zamani hadi mama akafoka.

Pedi za zamani, zile halisi, kagua mshale. Mpira wa ndani ukiwa umechoka, chini haishiki, na bila chini hakuna Spin Dash. Fundi wa redio anayejua kazi yake anaifungua na kuisafisha haraka. Si kazi ya kuogopa.

Kuhifadhi

Kaseti ya Sonic 2 haina sehemu ya kuhifadhi. Unaanza na roho tatu, unaongeza moja kila ukifikisha pete 100 (zile unazookota njiani, zinazokukinga unapogongwa), na unatakiwa kuzipeleka zoni zote 11 kwa mkao mmoja. Mwisho, Death Egg, hakuna hata pete moja, na mabosi ni wawili mfululizo: Sonic wa chuma, kisha roboti kubwa la Robotnik, adui mkuu wa gemu. Ukigongwa mara moja umekwenda. Umeme ukikatika uko Metropolis, zoni ya nane, unarudi Emerald Hill, ile ya kwanza, na nyimbo zako.

Kuna faida iliyojificha hapo. Kaseti nyingi zinazohifadhi hutumia kibetri cha ndani, na vibetri vya miaka ile vinakufa. Sonic 2 haina cha kufa. Kaseti iliyotunzwa vizuri itawaka leo kama ilivyowaka 1992.

Na kwa aliyekatiwa umeme, kuna mlango wa nyuma. Ingia Options, nenda kwenye Sound Test, cheza namba 19, kisha 65, kisha 09, kisha 17. Utasikia mlio wa pete. Rudi kwenye jina la gemu, shikilia A, bonyeza Start, na orodha ya steji zote inafunguka. Namba hizo ni tarehe ya kuzaliwa ya Yuji Naka, 17 Septemba 1965. Sioni aibu kuitumia mtu aliyekwishafika Metropolis kihalali.

Mini inahifadhi popote ulipo, hata katikati ya kuruka. Simu inakumbuka ulikofika, unaendelea kesho kwenye daladala. Origins inahifadhi pia, na katika hali ya Anniversary imeondoa roho kabisa: ukifa unarudia tu. Badala ya roho unakusanya sarafu, ambazo zinakuruhusu kurudia steji maalumu uliyoshindwa. Kwa anayezisaka zumaridi saba, zinazopatikana kwenye steji hizo maalumu, ili ampate Super Sonic, yaani Sonic mwenye nguvu zaidi, hiyo ni tofauti ya usiku na mchana, maana kwenye kaseti kila jaribio lililoharibika linakugharimu.

Mtu wa pili

Sonic 2 ina njia mbili za kucheza wawili, na watu huzichanganya.

Njia ya kwanza: mmoja anacheza Sonic, wa pili anachukua pedi nyingine na kumwongoza Tails. Kazi ya Tails ni nafasi bora kabisa ya mtoto mdogo katika gemu yoyote ninayoijua. Hafi moja kwa moja. Akianguka shimoni anarudi akiruka kwa mikia yake. Anaweza kumpiga bosi. Akibaki nyuma, gemu haimsubiri wala haimwadhibu. Dogo wa miaka mitano anajiona amemaliza gemu na kaka yake, na kwa kiasi fulani ni kweli.

Isipokuwa kwenye steji maalumu. Pale mnakimbia ndani ya mfereji mkitafuta pete mkikwepa mabomu, na Tails anapokuwa wa kompyuta anafuata nyayo za Sonic akiwa amechelewa kidogo. Wewe unakwepa bomu, yeye anaingia nalo, pete zinapotea, na idadi inayotakiwa inahesabu za wote wawili. Ukitaka zumaridi, nenda Options uchague Sonic peke yake. Hili lipo kwenye kaseti na Mini vilevile, kwa kuwa ni gemu ileile.

Njia ya pili ni mashindano: kioo kinagawanywa mara mbili, juu na chini, picha ikibanwa, mnashindana Emerald Hill, Casino Night, Mystic Cave na steji maalumu. Ina hata nyimbo zake. Hii ndiyo inayoleta kelele sebuleni Desemba, ndugu wanapokuwa wamejaa kutoka Dar, Mwanza na Dodoma, na watoto wa mabinamu wasiojuana vizuri wanahitaji kitu cha kuwaunganisha kabla ya nyama kuiva. Kaseti na Mini zinaipa kama ilivyotengenezwa, na Mini nyingi zilizouzwa Ulaya zina pedi mbili ndani ya boksi. Hakikisha ya kwako.

Origins inaruhusu wa pili kumshika Tails, na kwa familia yenye PlayStation tayari hiyo inatosha. Simu haifai kwa wawili waliokaa pamoja. Mikono minne haina pa kukaa kwenye kioo kimoja, na hata kama ungefunga pedi, utaona aibu kuwakusanya watu watano mbele ya inchi sita.

Pesa, umeme na usumbufu

Simu ndiyo nyepesi: ilianza kwa kulipiwa, kisha mwaka 2017 ikaingia katika mpango wa Sega Forever, bure yenye matangazo, na kuyaondoa ni kwa malipo. Bando la kupakua ndilo gharama kubwa. Na ina zawadi ambayo kaseti haina: Hidden Palace, zoni iliyokatwa kabla gemu haijatoka 1992, imemaliziwa na kurudishwa. Mlango wake uko Mystic Cave, steji ya pili, kwenye shimo la miiba ambalo kwenye kaseti ukitumbukia hutoki. Unaweza pia kucheza na Knuckles, mhusika mwingine wa Sonic, jambo ambalo kwenye kaseti linadai uwe na Sonic & Knuckles ya 1994 na kuichomeka Sonic 2 juu yake.

Origins ilianza kuuzwa dola 39.99, na hushushwa bei mara kwa mara madukani mtandaoni. Unahitaji kadi inayokubali malipo ya nje, na mashine yenyewe. Ukiwa navyo tayari, ndiyo ununuzi wenye vitu vingi zaidi, kwa sababu unapata pia Sonic ya kwanza, Sonic CD na Sonic 3 & Knuckles. Kama huna PlayStation wala kompyuta, usinunue mashine kwa ajili ya Sonic peke yake.

Mini haina duka rasmi la kuaminika huku. Wengi wanaagiza kupitia ndugu anayekuja. Inakula umeme wa USB wa volti 5, kwa hiyo pawabenki inaiwasha. TV ndiyo tatizo litakalobaki. Kwa nyumba za mlimani, Kibosho au Marangu, ambako jioni za sikukuu umeme hushuka kila mtu akiwasha kila kitu, kimashine kinachokula kidogo na kuhifadhi popote kina heshima yake.

Mashine ya zamani ndiyo yenye kazi zaidi. Kama imetoka Marekani au Japani, adapta yake ni ya volti 120 au 100; ukiichomeka kwenye 230 zetu, harufu utakayosikia ndiyo risiti. Adapta ya Mega Drive ya kwanza na ya pili pia hazifanani, hata chanya na hasi zimekaa kinyume, kwa hiyo usikubali "hii inaingia" ya muuzaji. Kaseti isipowaka usipulize. Mate yanaozesha meno yake. Spiriti kidogo kwenye pamba ya masikio, futa, acha ikauke. Ukifurahia kazi ya namna hii, umepata burudani mbili. Usipoifurahia, mashine itaishia kabatini Januari.

Kulingana na hali yako

Unakwenda nyumbani sikukuu, nyumba itajaa watoto, na unataka mashindano ya kioo kilichogawanywa: Mini kama kuna anayekuletea, kaseti kama tayari unayo nzima na pedi mbili. Jaribu kabla ya kusafiri, si siku yenyewe.

Una mtoto wa miaka minne hadi saba na PlayStation iko sebuleni: Origins, hali ya Anniversary, mpe Tails.

Unafanya kazi za zamu au uko barabarani kati ya Arusha na Moshi kila siku: simu, pamoja na pedi ya Bluetooth kama mfuko unaruhusu. Dakika ishirini zinatosha steji mbili.

Unataka ile ya utotoni, na mashine mliyochezea ilitoka Ulaya: tafuta Mega Drive ya PAL na TV chogo. Zilizo safi sana za kwenye flati zitakuonyesha gemu nzuri, lakini ya mtu mwingine.

Hukuwahi kuimaliza na unataka tu kuuona mwisho: Mini au Origins, uhifadhi bila haya kabla ya Death Egg.

Na kama hujui hata kama bado unaipenda, pakua ya simu leo na ucheze Emerald Hill na Chemical Plant tu. Ukitoka kwenye maji ya zambarau bado unataka zoni inayofuata, hapo ndipo utafute mashine.